Kutoka Kipimo cha Mto Hadi Jaridani: Safari ya Utafiti wa Kihandisi Garissa

Mjini Garissa, ukingoni mwa Mto Tana, kuna kituo cha kupimia maji ambacho wataalamu wa mito nchini Kenya wanakijua kwa alama 4G01. Tarakimu 4 ni ya bonde la Tana, na zilizobaki zinaonyesha mahali kituo kilipo ndani ya bonde hilo. Kimo cha mto kimekuwa kikisomwa hapo tangu miaka ya 1930. Kazi yenyewe haina makeke: ubao wenye alama, jicho la mtu, kalamu na daftari. Asubuhi ya kiangazi maji huwa yamenywea na namba huandikwa ndogo. Msimu wa masika namba hupanda, na mwaka wa mafuriko makubwa kama ya 1961 ubao wenyewe huweza kumezwa na mto.

Mtu aliyesoma kipimo hicho hakuwahi kuandikwa jina lake juu ya makala ya jarida lolote. Hata hivyo kila mhandisi aliyeandika kuhusu Tana ya chini, awe Nairobi, Marekani au Ubelgiji, alianza na daftari hilo. Historia ya utafiti wa kihandisi Kaskazini Mashariki mwa Kenya ni historia ya namba zilizokusanywa kwenye jua kali na kuchapishwa mbali, kisha zikachukua miaka mingi kurudi nyumbani.

Wakati wa ukoloni, hakuna aliyefikiria kwamba makala kuhusu eneo hili ingeandikwa na mtu wa hapa au ingesomwa hapa. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo eneo hili lilikuwa sehemu yake, ilifungwa kwa sheria: Sheria ya Wilaya za Nje ya 1902, kisha Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Mwaka huohuo wa 1934, H. L. Sikes, mhandisi wa serikali ya koloni, alichapisha London taarifa juu ya maji yaliyo chini ya ardhi ya Kenya. Mwaka 1948 mwanajiolojia Frank Dixey akatoa ripoti ya jiolojia ya Kenya ya Kaskazini, namba 15 katika mfululizo wa Idara ya Jiolojia. Kazi hizo zilikuwa za maana, na wataalamu wa leo bado wanazirejelea. Lakini msomaji aliyekusudiwa alikuwa ofisa wa serikali aliyetaka kujua pa kuchimba kisima ili mifugo isivuke mpaka na kuzusha ugomvi. Mfugaji aliyemwonyesha mtaalamu kisima cha maji matamu na kisima cha maji ya chumvi hakutazamiwa kuzisoma.

Ulimwenguni, desturi ya kuandika makala na kuipeleka kwa mhariri ilikuwa imeshakomaa. Jarida la Royal Society la London lilianza 1665 chini ya katibu Henry Oldenburg. Wahandisi wa ujenzi wa Uingereza waliunda chama chao 1818, na kufikia miaka ya 1830 walikuwa wakichapisha yaliyosomwa na kujadiliwa vikaoni mwao. Ni miaka hiyohiyo ya 1830 ambapo Royal Society ilianza kuwaomba wanachama watoe hukumu ya maandishi juu ya kazi ya mwenzao kabla haijachapishwa. Hapo ndipo ilipotoka tabia ya kuhakiki ambayo leo kila mwandishi wa makala huingoja kwa wasiwasi.

Afrika Mashariki ilichelewa, lakini haikukaa bure. Jarida la kilimo la Afrika Mashariki lilianza 1935, na baadaye likaongeza misitu katika jina lake; humo ndimo zilimochapishwa tafiti za awali za vyanzo vya mito ya nyanda za juu. Wahandisi wa kanda walianzisha chama chao 1945, ambacho baadaye kilizaa Taasisi ya Wahandisi wa Kenya. Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilifunguliwa Nairobi 1956, na 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa mara ya kwanza kijana wa Kenya aliweza kusomea uhandisi nyumbani na kuandika utafiti wake nyumbani.

Kijana wa Garissa, Wajir au Mandera alikuwa na safari ndefu zaidi. Uhuru ulikuja 1963 pamoja na vita vya shifta katika eneo hili, vilivyodumu hadi 1967. Hali ya hatari iliyotangazwa wakati huo haikuondolewa hadi 1991. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kule ambako zingezaa haraka, yaani penye ardhi ya rutuba na mvua ya kutosha. Barabara za lami, shule za upili na maabara zikafuata mkondo huo wa fedha. Kwa zaidi ya robo karne, mtu aliyetaka kufanya utafiti Kaskazini Mashariki alihitaji kibali, gari la kuaminika, na mara nyingi askari wa kumsindikiza. Utafiti ukawa kazi ya wageni wenye mradi.

Mfano mkubwa wa kipindi hicho ni kazi ya W. V. Swarzenski na M. J. Mundorff. Wanahidrolojia hao wa Idara ya Jiolojia ya Marekani walifanya kazi pamoja na serikali ya Kenya chini ya msaada wa Marekani. Walikusanya kumbukumbu za visima virefu vya mashine katika mkoa mzima: kina chake, aina ya mawe na mchanga uliopitiwa na keekee, kimo cha maji yalipotulia, na kiasi cha chumvi ndani yake. Mwaka 1977 matokeo yalichapishwa katika mfululizo wa karatasi za maji wa idara hiyo, namba 1757-N, ndani ya juzuu zilizohusu hidrolojia ya Afrika na nchi za Mediterania.

Karatasi hiyo ilitoa picha ambayo hadi leo haijafutwa. Chini ya nyika kavu, kutoka upande wa Habaswein kuelekea Liboi na mpaka wa Somalia, kuna tabaka la mchanga na changarawe lenye maji: hifadhi ya Merti. Katikati yake maji ni matamu. Ukienda pembeni, chumvi huongezeka hadi maji hayanyweki. Mtu akichimba nje ya ukanda huo atatumia fedha zilezile, atafika kina cha zaidi ya mita 100, na atapata maji ambayo hata ngamia anayatilia shaka.

Kuandaa kazi ya namna hiyo wakati huo kulikuwa kibarua cha mikono. Namba ziliandikwa upya kutoka kwenye daftari za uwandani hadi kwenye majedwali. Ramani na michoro ilichorwa kwa kalamu za wino kwenye karatasi angavu, na herufi zake zikawekwa moja moja. Mswada ulipigwa taipu kwa nafasi mbili kati ya mistari ili mhariri na wahakiki wapate pa kuandika. Mwandishi wa Nairobi aliyelenga jarida la Uingereza alitayarisha nakala tatu, picha zake zikiwa kwenye karatasi ya kung'aa, akazitia katika bahasha nene na kuzituma kwa ndege. Kosa moja katika fomula lilimlazimu kupiga ukurasa mzima upya. Majibu ya wahakiki yangeweza kuchukua miezi kadhaa, kisha yakaja masahihisho, kisha nakala ya majaribio ya kusoma, na mwishowe kifurushi cha nakala chache za makala ya kugawia wenzake. Nakala hizo zilibaki kwenye rafu za Nairobi na London. Garissa haikuwa na rafu ya kuzipokea.

Wakati huohuo Tana yenyewe ilikuwa ikibadilishwa. Huko juu, kilomita mamia kabla ya Garissa, mabwawa ya umeme yalijengwa moja baada ya jingine: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Taa za Nairobi ziliwaka, na watu wa mto wa chini wakaanza kuuliza ni nini kimetokea kwa mafuriko yao. Wapokomo wa kingoni hulima kwenye ardhi inayoachwa na mafuriko. Misitu ya kingoni, makao ya nyani adimu kama kima mwekundu wa Tana, hutegemea maji hayo kuota upya.

Swali hilo lilihitaji daftari la 4G01. Mwaka 2002, John Maingi na Stuart Marsh walichapisha katika Journal of Arid Environments makala iliyolinganisha mtiririko wa mto kabla na baada ya mabwawa. Walionyesha kwamba kilele cha mafuriko ya Mei kimeshuka, na kwamba ardhi iliyoinuka kidogo juu ya mto haifikiwi na maji mara nyingi kama zamani. Malalamiko ya wakulima wa kingoni, ambayo kwa miaka yalichukuliwa kuwa maneno ya baraza, sasa yalikuwa na mchoro, jedwali na namba ya ukurasa.

Likafuata swali la tope. Kila mhandisi anajua kwamba bwawa hunasa mashapo, kwa hiyo ilitarajiwa kwamba mto unaopita Garissa ungebeba tope kidogo kuliko zamani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, wakishirikiana na Wakenya, walipima upya. Mwaka 2014 Fredrick Tamooh, mtafiti Mkenya, aliongoza makala juu ya mashapo na kaboni ya Tana ya chini. Mwaka 2015 Naomi Geeraert, pamoja na Fred Omengo, Tamooh na wengine, wakachapisha katika Earth Surface Processes and Landforms matokeo yaliyokwenda kinyume na matarajio: kiasi cha mashapo katika Tana ya chini hakikuonyesha kubadilika sana kutokana na mabwawa. Mto ukitoka bwawani ukiwa mweupe huanza kula kingo na sakafu yake, na ufikapo Garissa umeshajaza tena mzigo wake.

Mtu anaweza kuuliza hayo yanamfaa nani. Yanamfaa mhandisi wa daraja anayetaka kujua ukingo utamegwa kwa kasi gani. Yanamfaa fundi wa pampu ya umwagiliaji inayozibwa na mchanga kila msimu. Yanaifaa kaunti inayopanga ulinzi wa mji baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2023, yalipokata barabara ya Nairobi na kuacha watu wakivuka kwa boti. Ripoti iliyofungiwa kabatini isingewafikia hao wote. Makala iliyohakikiwa inaweza, mradi ipatikane.

Tofauti ya ripoti na makala inaonekana vizuri zaidi katika kambi za wakimbizi za Dadaab. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka 1991, kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa juu ya ile hifadhi ya Merti iliyoelezwa 1977. Kufikia 2011 zilikuwa na wakimbizi zaidi ya 400,000, wote wakinywa maji ya visima vya ukanda uleule. Swali la mhandisi likawa zito: je, maji yanayopampuliwa yanarudishwa na mvua na mafuriko ya Mto Ewaso Ng'iro, au watu wanakunywa akiba ya kale isiyojazwa upya?

Majibu mengi yalikuja kwa sura ya ripoti. Michael Lane aliandika tathmini ya awali 1995 kwa ajili ya UNICEF. Benki ya Dunia iliitumia Merti kama mfano katika utafiti wake wa 2011 juu ya usimamizi wa maji ya ardhini Kenya. Kampuni ya Uholanzi, Acacia Water, ilitoa tathmini nyingine 2014. Mwaka 2015 Luc Blandenier alikamilisha tasnifu ya uzamivu Neuchâtel, Uswisi, kuhusu namna hifadhi hiyo inavyojazwa na jinsi maji matamu yanavyokaa katikati ya maji ya chumvi. Ni kazi kubwa na za bidii. Lakini ripoti huandikiwa aliyeilipia. Mara nyingi haipitii kwa wahakiki wasiomjua mwandishi, haina namba ya kudumu ya kuitafuta, na ofisi ikihama hupotea pamoja na makabati.

Hasara ya jambo hilo si ya kinadharia. Ulipoletwa mpango wa kupeleka maji ya Habaswein hadi mji wa Wajir, watu wa Habaswein waliuliza swali lilelile ambalo mhakiki wa jarida angeuliza: namba zenu za kujazwa upya kwa maji zimetoka wapi, na chumvi ikisogea mtafanya nini? Jamii inayoweza kuliweka swali hilo mbele ya mhandisi inastahili kupata jibu lililochapishwa na kuhakikiwa.

Kwa upande wa vitabu, Garissa ilianza kupata njia yake Oktoba 1996. Huduma ya Taifa ya Maktaba ilianzisha maktaba ya ngamia, ikipeleka vitabu kwa shule na familia za wafugaji ambako gari lingekwama mchangani. Watoto waliosoma chini ya mgunga vitabu vilivyoteremshwa kutoka mgongo wa ngamia ndio rika lililofikia umri wa chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Chuo kikuu nacho kikaja. Mwaka 2011 kilichokuwa chuo cha ualimu cha Garissa kilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Moi, cha kwanza cha umma katika eneo zima la Kaskazini Mashariki. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walikivamia alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Wengi walidhani mlango ule hautafunguka tena. Januari 2016 masomo yalirejea, na Oktoba 2017 chuo kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Pembeni yake, Taasisi ya Taifa ya Ufundi ya Kaskazini Mashariki inafundisha mafundi na mafundi sanifu wa umeme, ujenzi na mitambo. Watu wa kupima, kuhesabu na kuandika sasa wanapatikana papo hapo.

Njia ya kufikia majarida nayo ilifunguka. Mtandao wa elimu wa KENET ulianzishwa 1999 kuunganisha vyuo. Nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009. Mtandao wa African Journals Online, ulioanza 1998, ukaweka majarida ya Afrika mahali pamoja, na mpango wa Research4Life ukaziruhusu taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya bei ghali bila malipo au kwa ada ndogo. Ile karatasi ya Swarzenski na Mundorff ya 1977 leo inapakuliwa bure kwa simu, mtu akiwa amekaa kivulini sokoni Garissa.

Kuwasilisha makala sasa hakuhitaji bahasha. Mwandishi hupakua kiolezo cha jarida, huandika ikisiri na maneno muhimu, huipanga kazi yake kwa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, hutayarisha barua kwa mhariri, kisha hupandisha mafaili kwenye tovuti. Programu hukagua kama kuna maneno yaliyonakiliwa. Mhariri huamua kama itakwenda kwa wahakiki au itarudishwa siku hiyohiyo. Maoni yakija, mwandishi hujibu hoja moja moja: hapa nimesahihisha, hapa sikubaliani, na sababu ni hii. Hatua hiyo ya majibu ndiyo inayomkomaza mtafiti, na haiwezi kufupishwa na kasi ya intaneti.

Hata hivyo urahisi ulikuja na mtego. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipoweka viwango vyake 2014, uchapishaji ukawa sharti la kuhitimu shahada za juu na kupanda cheo. Palepale yakapata soko majarida laghai yanayomwahidi mwandishi kuchapishwa kwa siku chache akilipa ada, bila uhakiki wa kweli. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado, aliweka hadharani orodha ya majarida ya kutiliwa shaka hadi alipoiondoa Januari 2017. Mhadhiri kijana wa chuo kichanga, mwenye mzigo wa vipindi na asiye na mwandamizi wa kumshauri, ndiye anayenaswa kwa urahisi. Akinaswa, kipimo chake cha kweli cha kisima cha kweli kinazikwa mahali ambapo hakuna mhandisi makini atakayekitafuta.

Nalo swali la kuandikia halijapungua. Tarehe 13 Desemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alizindua mtambo wa umeme wa jua wa Garissa wenye uwezo wa megawati 50, uliojengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Paneli zake zaidi ya 200,000 zimetandazwa kwenye takriban hekta 85. Paneli ya silikoni hupimwa uwezo wake ikiwa kwenye nyuzi joto 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza nguvu yake kwa karibu asilimia 0.4. Garissa mchana hupita nyuzi 35, na uso wa paneli huwa na joto zaidi ya hewa. Juu ya hayo kuna vumbi la kiangazi, na maji ya kuoshea paneli ni yaleyale ambayo watu na mifugo wanayagombea. Paneli zioshwe kila baada ya siku ngapi, kwa lita ngapi, na umeme unaookolewa unalipia maji hayo? Mtu wa kulijibu vizuri ni yule anayeishi hapo misimu yote, anayeliona vumbi likija na mvua ikiliondoa.

Ili ajibu, yako mambo ambayo wenye mamlaka wanaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili. Idara ya maji na kaunti zihakikishe kwamba kipimo cha 4G01 kinasomwa kila siku na kwamba namba zake, pamoja na kumbukumbu za visima vya Merti, zinawekwa wazi kwa mtafiti yeyote. Kila anayepewa kibali cha utafiti katika kaunti tatu za Kaskazini Mashariki alazimike kuacha nakala ya data na ya makala katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Garissa. Chuo nacho kimpe kila mhadhiri mpya mwandamizi wa kusoma mswada wake kabla haujaondoka. Na wahandisi vijana wa Garissa, Wajir na Mandera waandike. Daftari la mto limewangoja tangu miaka ya 1930.